Cha Bure Nacho Kina Adabu Yake

Shanzu ni wadi ya eneo bunge la Kisauni, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kando ya barabara kuu iendayo Malindi na kabla ya daraja la Mtwapa linalounganisha Kaunti ya Mombasa na ile ya Kilifi. Ni mahali ambapo watu huhamahama sana, kwa kuwa wengi wa wakazi wake ni wapangaji ambao riziki yao hufuata hoteli za ufuoni, na hoteli hizo hujaa wageni wakati wa kiangazi na kupunguza wafanyakazi mvua za masika zinapoingia. Chuo cha Ualimu cha Shanzu nacho hupokea wanafunzi na kuwaaga, na wapo wageni kutoka Ulaya ambao hukaa miaka kadhaa kisha wakafunga virago na kurudi kwao. Kila anayehama huacha kitu nyuma yake: godoro lisiloweza kupakiwa juu ya matatu, kabati lisilopita mlango wa chumba kipya, kitanda cha mtoto aliyekwisha kukua, friji ambayo gharama ya kuisafirisha inazidi thamani yake.

Zamani vitu kama hivyo vilikwenda kwa jirani kwa neno la mdomo, na mtoaji na mpokeaji walikuwa wakijuana tangu siku nyingi, hata wakijua majina ya watoto wao. Siku hizi picha hupigwa kwa simu, tangazo hutumwa katika kundi la WhatsApp la ploti, la wazazi wa shule au la waumini, au katika kurasa za Facebook, na kabla ya chai kupoa watu kumi wasiojuana wameshakiomba kitu kimoja. Jambo lenyewe ni la kheri, lakini limezua manung'uniko ambayo karibu kila kundi la namna hii linayafahamu: waombaji wanaoahidi kuja na wasije, watoaji wanaotoa takataka kwa jina la msaada, vitu vinavyoombwa kwa machozi asubuhi na kuuzwa jioni, na picha za wapokeaji zinazosambazwa bila idhini yao.

Ili kuelewa kwa nini adabu ni ya lazima katika utoaji huu, yafaa kwanza kutazama kazi inayofanywa na bei katika biashara ya kawaida. Bei humchagua atakayekipata kitu, kwa sababu anayelipa ndiye anayechukua. Bei hueleza hali ya kitu, kwa sababu kilichochakaa huuzwa rahisi. Na bei huumaliza uhusiano, kwa sababu muuzaji na mnunuzi wakishakabidhiana hakuna anayemwia mwenzake fadhila. Kitu kinapotolewa bure kazi hizo tatu hubaki bila mwenyewe, na kitu pekee kinachoweza kuzibeba ni adabu ya watu wawili wanaohusika. Mtoaji hulazimika kusema kweli kuhusu hali ya kitu kwa kuwa hakuna bei ya kuisema, achague mpokeaji kwa haki kwa kuwa hakuna fedha ya kuchagua, na wote wawili wajue namna ya kulifunga jambo lisiache kinyongo wala utumwa wa fadhila.

Desturi ya kale katika chombo kipya

Mitandao ya kutoa vitu bure kwa wasiojuana ilipata umbo lake la leo nchini Marekani. Mnamo Mei 2003 Deron Beal, mkazi wa mji wa Tucson katika jimbo la Arizona, alianzisha mtandao unaoitwa Freecycle kwa kuwatumia barua pepe marafiki zake na mashirika machache ya kijamii, akiwa na nia ya kupunguza vitu vizima vinavyotupwa jaani. Miaka kumi baadaye, Julai 2013, Rebecca Rockefeller na Liesl Clark walianzisha Buy Nothing katika kisiwa cha Bainbridge kilicho katika jimbo la Washington, wakitumia kurasa za Facebook na kusisitiza kwamba majirani watoe, waombe na washukuru hadharani, bila kuuziana wala kubadilishana kitu kwa kitu. Mitandao yote miwili imeenea katika nchi nyingi, na kanuni zake zinafanana katika jambo moja la msingi, kwamba kitu kikitajwa kuwa ni cha bure kiwe cha bure kweli, bila sharti lililofichwa.

Pwani ya Kenya haikuhitaji kufundishwa kutoa. Sadaka, yaani kinachotolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na hiba, yaani kinachotolewa kwa mapenzi bila kutaka malipo, ni mambo yaliyokuwamo katika maisha ya Waswahili kwa karne nyingi, na michango ya harusi na matanga ingali inaendeshwa hadi leo, sasa kwa M-Pesa. Lililo jipya ni chombo na ukubwa wa hadhira. Tangu mwaka 2022 kundi moja la WhatsApp linaweza kuwa na watu 1,024, idadi inayozidi watu wa mtaa mzima wa zamani, na wengi wao hawajapata kuonana ana kwa ana. Haya ya mtu mbele ya jirani yake, ambayo ndiyo iliyokuwa ikizuia tamaa na uongo, haifanyi kazi kwa nguvu ileile mbele ya namba ya simu isiyo na sura.

Kuna sababu nyingine inayofanya adabu hii isijitokeze yenyewe. Mombasa ni mji wa bandari, na kwa miaka mingi kitu kilichotumika kimekuwa ni bidhaa yenye bei. Marobota ya mitumba hushushwa bandarini na kufunguliwa katika masoko kama Kongowea, ambako mnunuzi hupekua, hukosoa, huteta bei na kuondoka akitaka, na hayo yote ni haki yake. Biashara hiyo ni kubwa kiasi kwamba serikali ilipozuia uingizaji wa mitumba mwezi Machi 2020 kwa sababu ya Korona, kilio cha wafanyabiashara kilikuwa kikubwa na zuio likaondolewa Agosti mwaka huohuo. Mtu aliyezoea macho ya Kongowea huyaleta macho hayohayo kwenye tangazo la bure, akauliza kama hakuna rangi nyingine, akalalamika kwamba kitu kina mkwaruzo, au akamtaka mwenye kutoa amletee mpaka mlangoni. Maswali ambayo sokoni ni ujanja wa kawaida, mbele ya mtoaji huwa ni utovu wa adabu.

Adabu ya mwenye kutoa

Wajibu wa kwanza wa mtoaji ni kuchuja kabla ya kutangaza. Aya ya 267 ya Sura ya Al-Baqara katika Qur'ani inawaonya waumini wasikusudie kutoa kibaya ambacho wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kufumba macho, na onyo hilo ni kipimo kinachomfaa mtu wa dini yoyote. Kundi la kutoa vitu bure si jaa. Taka za Mombasa zina mahali pake, na jaa kuu la Mwakirunge limo katika eneo bunge lilelile la Kisauni. Kumpa maskini godoro lenye kunguni ili kuepuka nauli ya kulitupa ni kumtwika yeye gharama ya kulitupa, pamoja na fedheha ya kudhaniwa kwamba hilo ndilo linalomstahili. Kitu kibovu kinaweza kutolewa iwapo ubovu wake unatajwa waziwazi, kwani fundi wa mtaani huweza kukihitaji kwa vipuri, lakini asidanganywe anayetafuta kitu cha kutumia usiku huohuo.

Wajibu wa pili ni kueleza kwa ukamilifu. Tangazo zuri hutaja kitu, vipimo vyake, umri wake, kasoro zake, mahali kilipo, muda wa kukichukua na namna mpokeaji atakavyochaguliwa. Mfano wa tangazo la namna hiyo ni huu: “Habari za jioni. Friji ndogo ya mlango mmoja inatolewa bure. Inagandisha vizuri, ila mpira wa mlango umelegea na chini kuna kutu. Imetumika miaka sita. Iko Shanzu, orofa ya pili, hakuna lifti, kwa hiyo mchukuaji aje na mtu wa kusaidia kubeba. Maombi yatapokelewa hadi Ijumaa jioni, kisha atachaguliwa mmoja. Kuchukua ni Jumamosi, saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri.” Kutu imetajwa kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani hula vyuma upesi, na orofa imetajwa kwa sababu ndiyo itakayoamua kama mtu anaweza kuja peke yake au atalipa hamali. Aliyesoma tangazo hilo hana haja ya kuuliza maswali matano, na mtoaji hana haja ya kujibu mara hamsini.

Picha nazo zina adabu yake. Zipigwe mchana, zionyeshe kitu kama kilivyo leo, na kasoro ipigwe karibu badala ya kugeuzwa ukutani. Kutumia picha ya kitu kipya iliyochukuliwa mtandaoni, hata kama ni cha aina ileile, ni udanganyifu, kwa maana mpokeaji atatumia nauli yake kwa kuiamini picha hiyo. Pia mtoaji aangalie kilichoingia nyuma ya kitu, kwani picha ya kabati huweza kuonyesha watoto, hati za nyumba au sura ya lango, mambo ambayo watu elfu moja hawana haja ya kuyajua.

Kitu kikishapata mwenyewe, tangazo lifutwe au liandikwe kwamba kimechukuliwa. Jambo hili dogo husahauliwa mno, na matokeo yake ni kwamba watu huendelea kuomba kwa siku tatu, wakisubiri jibu lisilokuja, hadi wakaamini kwamba wamedharauliwa. Anayejibiwa kwa maneno matano kwamba kitu kimekwenda huondoka na heshima yake.

Adabu ya mwenye kuomba

Wahenga walisema kwamba mwomba chumvi huombea chungu chake, yaani kuomba si aibu maadamu mtu anaomba kwa ajili ya haja aliyo nayo. Adabu ya mwombaji huanzia hapo, katika kujiuliza kama anakihitaji kitu au amevutwa tu na neno bure. Anayekusanya kila kinachotangazwa, kisha akakirundika stoo, amemnyima mwenziwe aliyekihitaji, hata kama hakuvunja kanuni yoyote ya kundi.

Ujumbe wa kuomba unapaswa kuwa na salamu, jina la kitu, sababu fupi, uwezo wa kukichukua na nafasi ya kukataliwa. Makundi mengi hujaa jumbe za neno moja au mawili, kama vile “Iko?” au “Nitumie lokesheni”, ambazo humfanya mtoaji ajione kama karani wa duka. Ujumbe uliopikwa vizuri husomeka tofauti: “Salaam aleikum, mama. Poleni na shughuli za kuhama. Naomba hiyo friji kama bado haijapata mwenyewe. Mke wangu anauza juisi na maziwa lala hapa Mwembelegeza, na friji yetu imekufa. Nina mkokoteni na kijana wa kunisaidia, naweza kufika Jumamosi saa tano. Ikienda kwa mwingine pia ni kheri.” Mwombaji huyu ametumia neno naomba pahali pa nataka, amemtaja mtoaji kwa jina la heshima, ameeleza haja yake bila kulia, na ameonyesha kwamba amesoma habari za orofa ya pili. Zaidi ya hayo, sentensi yake ya mwisho imempa mama huyo uhuru wa kusema hapana bila kuona haya.

Sababu ya kuomba itajwe kwa kiasi. Katika makundi yenye watu wengi wenye dhiki huzuka mashindano ya huzuni, ambapo kila mwombaji hujaribu kumzidi mwenziwe kwa maelezo ya ugonjwa, njaa na kufiwa, na mwisho wake anayejua kusimulia ndiye anayepata, huku mwenye shida ya kweli lakini mwenye haya akinyamaza. Msimamizi wa kundi mwenye busara hukomesha mashindano hayo kwa kuagiza maombi yatumwe faraghani kwa mtoaji, na mtoaji naye hana haki ya kudai picha ya cheti cha hospitali au risiti ya karo ili atoe kiti cha plastiki.

Kuomba kitu ambacho hakijatangazwa kunaruhusiwa katika makundi mengi, nako kuna mipaka yake. Anayeomba sare ya shule ya saizi fulani au kitanda cha mtoto ameomba kitu ambacho huenda jirani anacho na hakitumii. Anayeomba runinga kubwa, simu mpya na jiko la gesi pamoja na mtungi, kwa wiki moja, amewageuza watu kuwa duka lisilo na malipo. Aidha, si vyema kumfuata mtu katika inboksi na kumuuliza kama ana kingine cha kutoa, kwani aliyetoa meza moja hakuahidi kuigawa nyumba yake.

Nani apewe?

Swali linaloleta ugomvi kuliko yote ni namna ya kumchagua mmoja kati ya wengi. Njia iliyozoeleka ni kumpa aliyetangulia kuomba, na faida yake ni kwamba haina ubishi, kwa sababu saa ya kila ujumbe inaonekana. Kasoro yake ni kwamba inampendelea mwenye bando na muda wa kushinda simuni, na kumwacha mfanyakazi wa hoteli ambaye simu yake imo kabatini mpaka zamu iishe, au mama ambaye hununua bando la saa moja jioni. Kwa sababu hiyo waasisi wa Buy Nothing waliwahimiza watoaji wasubiri kidogo kabla ya kuamua, ili tangazo liwafikie na wenye kuchelewa. Njia ya tatu ni kura, ambapo majina huandikwa na moja likachaguliwa bila upendeleo, nayo hufaa kwa kitu kinachogombewa sana.

Njia yoyote kati ya hizo ni halali ilimradi itangazwe kabla, kwani kinachoudhi ni mtoaji kubadili kanuni katikati. Aliyesema kwamba wa kwanza ndiye atakayepewa, kisha akampa wa nne kwa kuwa ni mtu wa kabila au dini yake, amevunja ahadi, na ahadi ni deni. Shanzu ni mahali penye Wamijikenda, Waswahili, watu wa bara na wageni wa nje, Waislamu na Wakristo wakiwa ploti moja, na upendeleo wa namna hiyo hugunduliwa upesi na kuliua kundi. Anayetaka kumpa mtu wa jamaa yake ana njia nyepesi, nayo ni kumpigia simu bila kutangaza.

Siku ya kuchukua

Baada ya kukubaliwa, wajibu wa usafiri ni wa mchukuaji isipokuwa mtoaji amejitolea mwenyewe. Ni mchukuaji atakayetafuta bodaboda, tuktuk au mkokoteni, aje na kamba yake na mtu wa kubeba, na afike saa aliyoisema. Akikwama, apige simu mapema, kwa sababu mtoaji huenda anasubiriwa na mwenye nyumba akabidhi funguo siku hiyohiyo. Desturi ya makundi mengi ni kwamba asiyetokea bila taarifa hupoteza nafasi yake na kitu kikaenda kwa anayefuata, na desturi hiyo ni ya haki. Akifika na kukuta kitu hakimfai, ana ruhusa ya kukiacha, mradi akatae kwa maneno ya kistaarabu na mapema, asikibebe kwa haya kisha akakitupa njiani.

Usalama ni sehemu ya adabu, kwa kuwa kumweka mwenzako katika hatari ni kumkosea. Vitu vyepesi vikabidhiwe mahali penye watu, kama vile kwenye steji, langoni mwa msikiti au kanisa, au mbele ya mlinzi wa ploti, wakati wa mchana. Kwa vitu vizito vinavyolazimu mtu kuingia ndani, ni vyema pande zote mbili ziwe na mwenzi, na kitu kisogezwe karibu na mlango kabla ya mchukuaji kufika. Namba ya nyumba itumwe faraghani kwa aliyechaguliwa peke yake.

Upo pia ulaghai unaovaa nguo za ukarimu. Mtu hutangaza friji au kompyuta nzuri ya bure, kisha humwambia kila mwombaji atume nauli ya kuileta kwa M-Pesa kwanza, na akishapokea fedha za watu ishirini huizima simu. Kanuni ya kujikinga ni nyepesi: kitu cha bure hakina malipo ya kutanguliza, na gharama ya usafiri hulipwa kwa dereva kitu kikiwa kimekwisha kuonekana. Mteja wa Safaricom anayepata ujumbe wa kitapeli anaweza kuupeleka kwa namba 333 bila malipo ili namba ya aliyeutuma ichunguzwe.

Visivyofaa kutolewa

Kuna vitu ambavyo nia njema haitoshi kuvihalalisha. Dawa zilizobaki hazitolewi kundini, hata kama muda wake haujapita, kwa sababu dawa ya mtu mmoja huweza kumdhuru mwingine. Nguo za ndani zilizotumika hazifai kwa sababu za kiafya. Kofia ya pikipiki iliyowahi kugonga chini katika ajali huenda imepasuka ndani bila kuonekana, hivyo haitolewi kwa mtu kuivaa. Mtungi wa gesi unaovuja na waya wa umeme uliochunika ni hatari ya moto katika nyumba za mapaa ya makuti na vyumba vilivyobanana. Friji mbovu ikiachwa nje ing'olewe mlango au ufungwe kwa kamba, kwani watoto huingia ndani wakicheza na kukosa hewa.

Simu na kompyuta zinahitaji uangalifu wa pekee. Mtoaji atoe laini, aondoe akaunti zake na kuirudisha simu katika hali ya kiwandani, la sivyo atakuwa ametoa picha, mazungumzo na pengine akiba yake pamoja na simu. Mpokeaji naye aombe kuthibitishiwa kwamba kifaa si cha wizi, kwani kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu anayepokea au kushika mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, na adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 14, bila kujali kama aliinunua au alipewa. Kila simu ina namba yake ya utambulisho inayoonekana kwa kubonyeza *#06#, na mtoaji mwaminifu hataona vibaya kuandika namba hiyo katika ujumbe wa makabidhiano.

Kitu kikishabadilisha mikono

Methali yasema mpewa hapokonyeki, na sheria inakubaliana nayo. Katika mfumo wa sheria ambao Kenya iliurithi kutoka Uingereza, zawadi ya kitu kinachohamishika hukamilika kinapokabidhiwa kwa nia ya kukitoa. Na katika Uislamu, Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inamfananisha anayeirejea hiba yake na mbwa anayeyarudia matapishi yake. Basi mtoaji akishakabidhi hana haki ya kudai kurudishiwa, wala ya kupita kukagua kama kabati limewekwa chumbani au ukumbini.

Je, mpokeaji anaweza kukiuza? Kwa kuwa kimekuwa mali yake, jibu la sheria ni kwamba anaweza. Jibu la adabu linategemea alichokisema alipoomba. Aliyeomba kitanda kwa ajili ya mwanawe akakitumia miaka miwili, kisha akakiuza mtoto alipokua, hana lawama. Aliyeomba kwa jina la mtoto asiyekuwepo, akakipandisha sokoni siku ileile, ameomba kwa uongo, na kosa lake ni uongo huo kuliko uuzaji wenyewe. Fundi au mchuuzi anayetaka kutengeneza na kuuza aseme hivyo tangu mwanzo, kwani wapo watoaji wengi watakaofurahi kumpa mtu riziki.

Shukrani ni haki ya mtoaji, nayo yatosha ikiwa ujumbe mfupi baada ya kitu kufika nyumbani salama. Mwanazuoni wa Ufaransa, Marcel Mauss, katika utafiti wake kuhusu zawadi uliochapishwa mwaka 1925, alionyesha kwamba katika jamii nyingi kupokea zawadi huzaa wajibu wa kulipa fadhila. Kati ya wasiojuana wajibu huo haulazimu kumrudia mtoaji yuleyule. Mpokeaji huutimiza vizuri zaidi siku naye atakapompa mwingine kile asichokihitaji tena.

Kwa upande wake, mtoaji ajiepushe na masimango, yaani kumkumbusha mtu fadhila aliyotendewa ili kumdhalilisha. Aya ya 264 ya Sura ya Al-Baqara inasema kwamba masimbulizi na maudhi huibatilisha sadaka, na Injili ya Mathayo, sura ya 6, inamtaka mtoaji asipige tarumbeta. Tarumbeta ya zama hizi ni kamera. Kumpiga picha mama akipokea godoro, kisha kuirusha kwa watu elfu moja, ni kumtoza bei ambayo hakuambiwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inahesabu picha ya mtu kuwa ni taarifa yake binafsi, na mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza kuitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mtoaji anayehitaji ushahidi apige picha ya kitu kikiwa juu ya mkokoteni, na sura ya mtu iachwe.

Wasimamizi wa makundi ya Shanzu, Bamburi, Mtopanga na kwingineko katika Kisauni watafanya jambo la maana wakiziandika kanuni hizi kwa lugha fupi na kuzibandika juu ya kundi, ili kila mgeni azisome kabla ya kutuma ujumbe wake wa kwanza. Kanuni zitoshe kuwa tano: sema kweli kuhusu kitu, omba kwa heshima, fika kwa wakati, usidai wala usitume fedha, na usimpige mtu picha bila ruhusa. Kwa msomaji aliye na kitu kizima kinachokula vumbi uvunguni, wakati mzuri wa kukitangaza ni sasa, kabla kutu na nondo havijakifanya kiwe cha kutupwa. Na kwa aliye na haja, aombe bila kuona haya, maadamu yuko tayari kufika saa aliyoahidi.